Bingwa ambaye hakushinda siku ya mwisho

Swali: Habari za huko, fundi. Mimi ni mtu wa rali, nimeifuata Safari tangu enzi za kutegea sikio redioni. Sasa kijana wangu ananikesha na NASCAR, mbio za magari za Wamarekani. Tuliangalia fainali ya Novemba 2025 pale Phoenix. Denny Hamlin aliongoza mizunguko 208, Kyle Larson hakuongoza hata mmoja, na bado Larson ndiye akatawazwa bingwa wa taifa. Huu si wizi? Na dereva mwenyewe, akiwa ndani ya gari anawania taji, anapitia nini hasa? Anaijua hesabu, au anakanyaga mafuta tu na kumwachia Mungu? La mwisho ni la kijana: ameona picha ya zamani ya magari mawili yakizunguka uwanja kinyume, madereva wameshika bendera. Walikuwa wanafanya nini? (Baba Zuhura, Tanga)

Jibu:

Baba Zuhura, salamu zimefika, na za kijana pia. Si wizi. Inauma, nakubali, lakini sheria ilijulikana tangu mwanzo wa msimu: wamebaki madereva wanne wenye nafasi ya taji, wanaanza sawa, na atakayemaliza mbele ya wenzake watatu siku hiyo ndiye bingwa. Hakuna aliyesema lazima aongoze. Zikiwa zimebaki mizunguko mitatu, gari la William Byron likapata tatizo la tairi, bendera ya njano ya tahadhari ikatoka, na magari yakaingia piti, kile kichochoro cha mafundi pembeni ya uwanja. Hamlin akabadilisha tairi nne. Larson akabadilisha mbili. Mbili huchukua muda mfupi zaidi, kwa hiyo Larson akatoka mbele yake, na mizunguko iliyoongezwa ilikuwa michache mno kwa tairi nne kulipa deni lake. Ryan Blaney, ambaye hakuwa hata mmoja wa wale wanne, akashinda mbio. Larson wa tatu, Hamlin wa sita. Mtu mwenye ushindi 60 katika maisha yake ya mbio akarudi nyumbani bila taji, tena.

Lakini ukitaka kujua dereva anapitia nini, fainali ile si darasa zuri. Ilikuwa kama kupigiana penalti. Nitakupeleka kwingine, kwenye siku ambayo sisi mafundi tunaizungumzia mpaka leo tukikaa kunywa kahawa: Atlanta, jimbo la Georgia, tarehe 15 Novemba 1992. Ile hesabu ilianzia Februari, ikamalizikia kwenye mzunguko mmoja.

Kwanza nikuwekee sawa jambo moja, wewe mtu wa rali. Kwenye rali unashindana na saa. Uko na msoma ramani pembeni, barabara ni yenu wawili, na ukikosea unagombana na mti. Kwenye mbio hizi mko magari arobaini pamoja, mnazunguka uwanja wa lami wenye kuta, na dereva yuko peke yake na sauti ya redio sikioni. Gari lina sura ya gari la dukani, lakini ndani ni fremu ya mabomba na kiti kimoja. La mwaka 1992 lilikuwa na uzito wa kilo kama 1,600, injini ya silinda nane ya lita karibu sita, kabureta, na gia nne za kuingiza kwa mkono. Halikuwa na mshale wa kuonyesha mwendo. Dereva alisoma mzunguko wa injini tu. Kiyoyozi hakuna, na joto ndani hupita nyuzi 50. Uwanja wa Atlanta wakati huo ulikuwa na urefu wa kilomita 2.45 kwa mzunguko, mizunguko 328, jumla kilomita kama 800. Pungufu kidogo ya Dar hadi Mbeya, ukikata kona kushoto njia nzima, muda wa karibu saa nne.

Asubuhi ya siku hiyo madereva sita walikuwa bado na uwezekano wa kuwa bingwa. Davey Allison wa Alabama aliongoza msimamo. Alan Kulwicki alikuwa nyuma yake kwa pointi 30, Bill Elliott kwa 40. Harry Gant, Kyle Petty na Mark Martin walikuwa nyuma kwa pointi mia moja hivi, wakisubiri wenzao wakosee.

Ukimtazama Allison pekee utaelewa kwa nini nasema taji hili halipiganiwi siku moja. Mwezi Mei alishinda mbio za nyota pale Charlotte, akagonga ukuta palepale kwenye mstari wa kumalizia, akapelekwa hospitali badala ya jukwaa la washindi. Julai, Pocono, gari lake lilipinduka vibaya mara nyingi, mkono na kifundo vikavunjika. Wiki iliyofuata akaingia garini Talladega na mkono ukiwa kwenye plasta, akaendesha mizunguko ya mwanzo, kisha akampisha dereva mwingine amalizie. Sababu ni sheria: pointi hupewa aliyeanza mbio. Agosti, mdogo wake Clifford akafariki akifanya mazoezi ya mbio Michigan. Davey aliendesha mwishoni mwa wiki hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo. Sasa mtu kama huyo, ambaye amebeba msiba na mifupa iliyovunjika kwa miezi, anafika Atlanta na anaambiwa: maliza nafasi ya tano tu, hata wenzako wafanye nini, taji ni lako.

Nafasi ya tano. Inasikika kama kitu chepesi, sivyo? Hapo ndipo shida inapoanzia.

Dereva tangu utotoni amefundishwa jambo moja, kumpita aliye mbele. Mguu wake wa kulia haujui kitu kinachoitwa "nafasi ya tano inatosha". Ukimwambia apunguze, anapoteza mapigo. Anaanza kukanyaga breki mapema kidogo, anamwachia mtu nafasi kwenye kona, kumbe anajikuta kwenye kundi la nyuma, katikati ya watu wanaogombana bila cha kupoteza. Na ajali nyingi hutokea huko huko kwenye kundi. Mimi nimefanya kazi ya ufundi kwa miaka kumi na moja katika timu ndogo za viwanja vifupi vya North Carolina, mbio za Jumamosi usiku ambazo hakuna televisheni. Mwaka mmoja dereva wetu alihitaji nafasi ya nane ili awe bingwa wa uwanja. Ya nane! Tulimwomba, tukambembeleza, mkewe naye akamwambia. Mzunguko wa 40 alikuwa wa tatu na akaona upenyo. Nilichokisikia redioni ni pumzi yake tu, halafu kelele ya bati. Tuliliburuza gari mpaka kwenye trela, hakuna aliyesema neno hadi tulipofika gereji.

Allison yeye hakufanya ujinga. Alikuwa karibu kabisa na nafasi aliyoihitaji, mizunguko sabini na kitu imebaki, Ernie Irvan aliyekuwa mbele yake tairi likaisha upepo, gari likageuka, Allison akaligonga bila pa kukwepea. Akaishia nafasi ya 27. Hakukosa hesabu wala moyo. Alikuwa tu mahali pabaya kwa nusu sekunde. Ndiyo maana nasikitika mtu anaposema bingwa ni yule "aliyetaka zaidi". Allison hakutaka pungufu ya mtu yeyote duniani siku ile.

Martin na Petty injini zao zilikufa. Wakabaki wawili wanaotazamana, Elliott na Kulwicki.

Elliott alikuwa mtu wa nyumbani, kutoka Dawsonville, Georgia, bingwa wa mwaka 1988, akiiendeshea timu kubwa ya Junior Johnson yenye kila kitu. Kulwicki alikuwa kinyume chake kabisa. Mtoto wa Wisconsin, kaskazini, mahali ambapo watu wa mbio hizi hawakutegemea bingwa kutoka. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo. Mwaka 1985 aliuza karibu vitu vyake vyote ahamie Charlotte. Siku mbili kabla ya safari gari lake la kuvutia trela likaungua, akaazima jingine, akaondoka hivyohivyo. Alimiliki timu yake mwenyewe: dereva ni yeye, bosi ni yeye, mlipa mishahara ni yeye. Junior Johnson huyohuyo alimwita mara zaidi ya moja aje amwendeshee, kwa fedha nzuri. Akakataa. Watu wakamwona ana kichwa kigumu, na kwa kweli alikuwa nacho; mafundi waliofanya naye kazi wanasema kuwa hata nati ilivyofungwa alitaka kuikagua mwenyewe.

Septemba 1992, pale Dover, aligonga na akajikuta nyuma kwa pointi 278, zikiwa zimebaki mbio sita. Kwa mpira wetu ni kama timu iko nafasi ya nne, pointi tisa nyuma, mechi nne zimebaki. Magazeti yalishamzika. Halafu gari la Elliott likaanza kumsaliti wiki baada ya wiki, huku Kulwicki akiokota pointi kimyakimya. Alipofika Atlanta, gari lake lilikuwa Ford Thunderbird, ndege wa radi kwa tafsiri. Akaomba ruhusa ya kufuta herufi mbili za mwanzo kwenye bampa la mbele. Likabaki Underbird, neno ambalo kwa sikio la Mmarekani ni utani wa mnyonge anayejijua kuwa ni mnyonge. Alikuja kupambana na matajiri, na aliliandika kwenye bampa.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe: anaijua hesabu?

Mfumo wa pointi wa wakati ule ulikuwa hivi. Mshindi 175, wa pili 170, wa tatu 165, wa nne 160, na kuendelea. Ukiongoza mzunguko mmoja, hata ukiwa ni kwa bahati wenzako wakiwa piti, unapata pointi 5. Aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote anapata 5 nyingine. Hizo 5 za mwisho ndizo nataka uzishike, kwa sababu taji zima la 1992 lilining'inia hapo.

Kulwicki alikuwa mbele ya Elliott kwa pointi 10 tu. Elliott akishinda mbio na kuongoza mizunguko mingi zaidi, anachukua 185. Kulwicki akiwa wa pili anachukua 175. Wanalingana. Na wakilingana, anaangaliwa nani ameshinda mbio nyingi msimu huo: Elliott angekuwa na tano, Kulwicki alikuwa na mbili. Kwa hiyo nafasi ya pili peke yake haikumtosha Kulwicki. Ilibidi awe wa pili, na pia ainyakue ile bonasi ya kuongoza.

Mkuu wake wa mafundi, Paul Andrews, alikaa na watu wake wanahesabu mizunguko kwa kalamu na karatasi. Kulwicki na Elliott wakawa wanapokezana uongozi mchana kutwa. Kulwicki alipokuwa mbele kuelekea mwisho, mafuta yakiwa yanaisha, timu haikumwita piti mapema. Ikamwacha nje, ikahesabu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka idadi ikatimia. Ndipo akaitwa. Mwisho wa siku Kulwicki alikuwa ameongoza mizunguko 103, Elliott 102.

Nakuomba uitazame tena hiyo tofauti. Mmoja. Mzunguko mmoja ungehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, bingwa angebadilika.

Na dereva ndani anajua? Anajua kile anachoambiwa. Timu nyingi hazimwambii dereva kila kitu, na mimi naona zina haki. Kichwa cha mtu anayeendesha kwa kasi ile kwa muda wa saa nne, shingo inavutwa kulia kila kona, maji yanamtoka mwilini kilo kadhaa, hakina nafasi ya kujumlisha na kutoa. Unampa kitu kimoja cha kufanya: "mshike huyu", "okoa mafuta", "nipe mizunguko mitano zaidi". Lakini Kulwicki alikuwa mhandisi, mwenye timu, na mtu asiyeamini hesabu ya mwingine. Kwake kutojua kungekuwa adhabu. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inategemea ubongo wa mtu. Wapo ambao namba huwatuliza, na wapo ambao namba huwatetemesha mikono. Mkuu wa mafundi mzuri anamjua wake ni yupi, kama mama anavyojua mtoto yupi wa kuambiwa siku ya sindano na yupi wa kushtukizwa.

Kuna jambo ambalo watazamaji hawakuliona. Mapema katika mbio zile, Kulwicki akitoka piti, gia namba moja ilivunjika. Fikiria gari zito, injini kubwa, mashindano ya sekunde, na huna gia ya kuondokea. Kila aliposimama tena, ilibidi aondoke kwa gia ya juu huku mafundi wakilisukuma gari kwa nguvu zote ili lisizime. Wewe umewahi kuondoa gari kwa gia ya tatu kwenye mteremko, betri imekufa. Sasa fanya hivyo kwenye tambarare, watu laki na zaidi wanakutazama. Na vipande vya chuma kilichovunjika viko ndani ya giaboksi. Vikijipenyeza penye meno mengine, safari imekwisha. Basi mtu huyu aliendesha mamia ya kilomita akijua kuwa ana kitu kimekatika chini ya kiti chake, na hawezi kufanya lolote ila kuwa mpole na mkono wa gia.

Hapo kwenye piti ya mwisho walichukua mafuta tu, hawakugusa tairi, maana kila sekunde ya kusimama ilikuwa hatari. Na mafuta yenyewe hayakuingia yote waliyotaka. Akarudi uwanjani nyuma ya Elliott, ana mizunguko isiyofika ishirini, na redio inamwambia aokoe mafuta.

Baba Zuhura, hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Elliott yuko mbele, anaonekana. Gari la Kulwicki lina kasi. Umati umesimama. Kila mshipa wa mwili wake unasema mfuate. Na hesabu inasema nini? Bonasi ya mizunguko ameshaipata. Akimpita Elliott, anakuwa bingwa. Asipompita, anakuwa bingwa vilevile. Hata akishuka hadi nafasi ya tatu, bado ni bingwa, kwa pointi 5. Akishuka hadi ya nne wanalingana na taji linakwenda kwa Elliott. Akiishiwa mafuta, kwaheri. Kwa hiyo kila mita anayomkaribia Elliott haimpi chochote, na inaweza kumnyang'anya kila kitu.

Kuokoa mafuta si kwenda polepole tu. Unatoa mguu mapema kabla ya kona, unaliacha gari liteleze lenyewe, unarudisha mguu taratibu upande wa pili kama unayekanyaga yai. Unafanya hivyo ukimwangalia kwenye kioo anayekuja nyuma, maana yeye haokoi kitu. Na unasikiliza. Dereva aliyeingiwa na hofu ya mafuta husikia injini ikikohoa hata isipokohoa. Kila mtikisiko mdogo unakuwa dalili ya mwisho. Nimewahi kumsikia dereva akiapa redioni kwamba pampu imekata, na tulipolipima gari baadaye lilikuwa na lita nane tenkini.

Kulwicki alimwacha Elliott aende. Elliott akashinda mbio nyumbani kwao, akashangiliwa. Kulwicki akaingia wa pili, na akawa bingwa wa taifa: pointi 4,078 dhidi ya 4,068. Tofauti ya pointi 10, ndogo kuliko zote hadi wakati huo. Kabla ya kutoka garini mbele ya kamera inasemekana alichukua kitana kwanza akachana nywele. Ndivyo alivyokuwa, hata furaha aliipanga.

Nasema kwamba ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kushinda. Kushinda ni kufanya kile mwili wako unachokitaka. Yeye kwa muda wa dakika kama kumi alifanya kile mwili wake ulichokikataa, na mshangilio wote ulikuwa wa mtu mwingine.

Sasa rudi kwa Hamlin. Wengi walimlaumu mkuu wake wa mafundi kwa tairi nne. Mimi simlaumu sana. Unapoongoza, unaingia piti wa kwanza na hujui walio nyuma watafanya nini; wakichukua nne wote, wewe wa mbili utaliwa kama mkate. Wakichukua mbili wengi, wewe wa nne unajikuta katikati ya kundi, na huna mizunguko ya kutosha kupanda. Ni kama kuchagua upande wa kuruka kwenye penalti. Ningekuwa mimi? Kwa mizunguko michache vile ningechukua mbili. Lakini mimi nasema hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti, chai mkononi, na nimeshayaona matokeo.

Tofauti kati ya siku zile mbili iko hapa. Mwaka 1992 Kulwicki alikuwa na msimu mzima wa akiba na madeni, na aliweza kuamua lini atumie na lini aache. Hamlin alipewa siku moja, akaitawala, halafu tairi la mtu mwingine likapasuka. Watu wengi walinung'unika, na si kwa ajili yake tu. Kuanzia 2026 NASCAR wameachana na ule mtindo wa mbio moja ya mwisho kati ya wanne. Madereva 16 wanaingia mbio 10 za mwisho na pointi zinajumlishwa mpaka mwisho, bila kutoana. Mimi nimefurahi, nikiri. Mambo ya kukosa taji kwa hesabu hayataisha hata hivyo, yamekuwepo siku zote. Mark Martin mwaka 1990 alikatwa pointi 46 kwa sababu ya kipande kilichowekwa chini ya kabureta isivyoruhusiwa, mbio za pili tu za mwanzo wa msimu kule Richmond baada ya Daytona. Mwisho wa mwaka akamkosa Dale Earnhardt kwa pointi 26. Hakuwahi kuwa bingwa maishani. Na mwaka 2011 Tony Stewart na Carl Edwards walimaliza msimu wakiwa sawasawa, pointi 2,403 kila mmoja. Stewart akachukua kwa kuwa alishinda mbio tano na mwenzake moja. Edwards siku ya mwisho alimaliza wa pili, nyuma ya Stewart mwenyewe. Alifanya kila kitu isipokuwa kumpita mtu mmoja.

Nimebakiza la kijana.

Kulwicki alikuwa na mtindo wake. Aliposhinda mara ya kwanza, Phoenix 1988, hakuzunguka uwanja kama wengine. Aligeuza gari akazunguka kinyume, kwa mwendo wa saa. Mantiki yake ni ya mhandisi: dereva Marekani hukaa kushoto, na ukizunguka kinyume, dirisha lako linaelekea kwa watazamaji badala ya kuelekea ndani ya uwanja. Kwa hiyo unaweza kuwapungia mkono wakakuona. Yeye alikuwa wa asili ya Kipolandi, akauita mzunguko wa ushindi wa Kipoland, akijitania mwenyewe kabla wengine hawajamtania. Atlanta 1992 aliufanya tena, safari hii akiwa bingwa.

Hakuufanya mara nyingi. Tarehe 1 Aprili 1993 ndege ndogo aliyopanda kwenda kwenye mbio za Bristol ilianguka Tennessee ikikaribia kutua. Hakupona mtu. Siku chache baadaye Rusty Wallace akashinda Bristol, akageuza gari, akazunguka kinyume. Julai mwaka huohuo Davey Allison akaanguka na helikopta aliyokuwa akiirusha mwenyewe, akitua kwenye uwanja wa Talladega, akafariki kesho yake. Wote wawili waliopigania taji lile kwa pointi 30 hawakuufikia mwisho wa msimu uliofuata.

Msimu huo ulimalizikia palepale Atlanta, Novemba 1993. Wallace alishinda mbio za siku hiyo, ushindi wake wa 10 mwaka huo. Dale Earnhardt, aliyeshinda sita tu, ndiye akawa bingwa. Kijana ataona tena ile hesabu ya Phoenix. Walipomaliza, wawili hao waligeuza magari, wakaenda sambamba, polepole, kinyume cha mbio, madirisha yao yakielekea jukwaani. Kila mmoja ametoa mkono nje ameshika bendera. Moja ina namba 7, ya Kulwicki. Nyingine ina namba 28, ya Davey. Picha aliyoiona ni hiyo.